Chini ya Benchi la Gemu

Brayan, wa kunikamata mimi bado hajazaliwa! Nimemdanganya mwalimu wa kwaya kwamba sauti imekauka, akanipa na tangawizi nitafune. Saa hii niko kibanda cha gemu cha Abdulrahim, nacheza lile la shujaa mwenye mabawa, toleo la pili. Nimeshalifikia jitu la chuma!

Oya. Mwalimu kaingia. Mwalimu Andongwisye wa kwaya, HUMU! Nimejitupa chini ya benchi, nakuandikia huku huku. Mlango ni mmoja tu. Akiniona, mama atajua kabla sijafika nyumbani.

Amekalia benchi langu, Brayan. Kashika pedi yangu ya gemu. Anacheza! Mimi naangalia kioo katikati ya miguu yake.

Jitu limemuua. Limemuua tena. Ana mabawa, halafu anatembea kama anaenda sokoni Vwawa! Naumia huku chini.

Nimekwisha. Imenitoka: "Ruka, mwalimu! Rukaaa!"

Mwalimu hata hakuinama.
"Gibson, sauti imerudi?"
"Kidogo, mwalimu."
"Bwana asifiwe. Toka unionyeshe kitufe cha kuruka. Jumapili utaimba peke yako, mama yako nitamkalisha mbele."