Mama Alishindwa Kuchora Saa

Susu Kasiva, wewe ni nyanya yetu sote kwenye gazeti hili, naomba unisaidie. Mama yangu Mbithe hakusoma kwa sababu kwao karo ilitosha mtoto mmoja na huyo akawa kaka yake, lakini mimi alinisomesha kwa kulimia watu mpaka nikawa mwalimu, na kila nikishika chaki namshukuru. Yeye ndiye huweka zamu za mwethya, wamama ishirini na wawili wanaochimbiana matuta, zamu zote ziko kichwani, lakini msimu huu amewapeleka kwa Wavinya mara mbili na Kalekye akarukwa, watu wakanuna, nikampeleka kliniki akaambiwa achore saa ili apimwe kumbukumbu, akashika kalamu kama mwiko, akairudisha mezani bila kuchora, na sasa ndugu yangu Mutisya anasema akili imeisha, anyang'anywe zamu akae nyumbani. Naona hiyo itamvunja, na nikinyamaza atakosana na wenzake.

Mumbua, Kilungu

Mumbua mwanangu, hata mimi sikusoma. Ndila, binti yangu, ndiye anaandika ninayosema, na hiyo saa mimi pia ingenishinda. Mtu akae miaka sabini bila kupewa kalamu, halafu apimwe akili kwa kalamu? Na wewe mwalimu ulikuwa umeketi hapo hapo. Mbona hukufungua mdomo?

Lakini kumruka Kalekye ni kusahau kweli, usijidanganye. Mrudishe kliniki, useme mama hakusoma, aulizwe kwa Kikamba juu ya kazi anazozijua. Apimwe presha na masikio pia.

Zamu asinyang'anywe. Mwambie Mutisya kichwa hakiponi kwa kukalishwa. Nunua daftari. Kila Jumamosi yeye ataje, wewe uandike, kisha umsomee akurekebishe. Umfundishe kusoma na kuandika jina lake na majina ya wenzake, moja moja, bila haraka na bila ule ukali wenu wa darasani. Ndila alinifanyia hivyo, na leo kliniki wakitoa kadi, yangu naijua mwenyewe. Namshukuru kila nikiiona. Jembe la mama yako ndilo lilikununulia kalamu, sasa mrudishie.

Na umuulize shamba lake lilichimbwa lini. Nawajua wanaopanga zamu, hujiweka mwisho, na mwisho haufiki. Kwa hivyo ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, mpe kalamu aandike mwenyewe: Mbithe.