Kompyuta Inamrudisha Mama Watiri

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako upesi maana silali na chakula hakipiti, mimi ndiye niliyeandika programu ya ile kompyuta tuliyoletewa kwenye kiwanda chetu cha kahawa karibu na Gakindu, mkulima akitaja namba yake inamwambia karani wa mizani POKEA ama RUDISHA, na mwanzoni masharti yalikuwa machache tu, lakini kila mtu akilalamika naingiza "kama" nyingine ndani ya "kama" iliyoko, kama mwenye namba hajafariki, ama kama si kweli kwamba hana mrithi, isipokuwa mrithi asiwe mke ambaye si wa kwanza, mpaka sasa hata mimi nikiisoma napotea. Juzi Mama Watiri, mke wa pili wa marehemu Gicheru, alileta matunda ya miti yake mwenyewe, akataja namba ya marehemu, mashine ikasema RUDISHA, na karani akamrudisha ati kompyuta haikosei, matunda yakachachia guniani, na huyo mama ana watoto na hana kitu kingine ila hiyo miti. Jumatatu mavuno makubwa yanaanza. Meneja anataka niongeze "kama" moja ya Watiri basi, nami naona aibu kusema sielewi kazi yangu. Nifanyeje?

Wacera, Mukurweini, 1989

Wacera, pole, lakini umejitakia. Ulipoandika "si kweli kwamba hana" mbona hukusimama hapo hapo? Hata watu wakigombana hawasemi hivyo. Kama ana mrithi, andika ana mrithi.

Hiyo "kama" ya Watiri usiiongeze, kwa sababu kesho atakuja mjane mwingine. Keti uandike upya. Anza na wa kurudishwa, kila sababu mstari wake, na ikishamrudisha mtu, mambo yake yaishe hapo. Namba haijulikani, rudisha. Matunda ni mabichi, rudisha. Waliobaki wote, pokea. Sharti likiwa refu lipe jina linaloeleweka, kama "analima miti yake". Mume mmoja, nyumba mbili, kila mke na miti yake: umekulia huko, unalijua hilo tangu utotoni, halafu ukalizika ndani ya hizo "kama" zako! Ile programu ya zamani usiitupe bado. Zijaribu zote mbili kwa namba za watu unaowajua, uone zinaachana wapi.

Meneja mwambie wazi kwamba huielewi programu yako, na unataka mpaka Jumapili. Aibu hiyo utaimeza.

Kisha nenda kwa Mama Watiri, umsomee kwa Kikuyu sharti linalomhusu. Asipoelewa, rudi ukaandike tena. Na akikuuliza ni nani aliamua kwamba yeye si mtu wa boma la Gicheru, usitaje kompyuta.