Nusu ya Sharifu

Sindeni, Handeni

Mpendwa dada Hafsa,

Shikamoo dada. Huko Vugiri baridi imewaachia? Na shemeji Mbaruku, goti lake linaendeleaje? Sisi tunamshukuru Mungu, na Muhsin sasa anakimbiza kuku.

Najua wasiwasi wako ni yeye. Tangu tumzike pacha wake Sharifu pale nyuma ya nyumba, alibaki mifupa na macho. Zahanati walitupatia chakula dawa, vile vipakiti vya karanga iliyosagwa na maziwa. Nesi Edna alisisitiza ni vya mgonjwa peke yake, asigawiwe mwingine. Lakini mama mkwe, unamjua akishikilia jambo, akasema mapacha hawapewi mmoja mmoja. Tukimnyima Sharifu atamvuta mwenzake. Basi nusu ya kila kipakiti nikawa napeleka kaburini.

Dada, nusu ile ilikuwa inaliwa. Nilidhani ni mbwa, lakini mbwa angekitafuna kipakiti. Mimi nilikikuta kimefyonzwa, hakina alama ya jino. Muhsin naye hakuongezeka. Utepe wa kupimia mkono ulibaki kwenye nyekundu, rangi ya utapiamlo mkali, Edna akaniuliza nani anakula na mtoto. Nikasema hakuna.

Siku hiyo nilipitiliza hadi kaburini. Nilikuwa nimechoka, na hasira zilinipanda. Nikamwambia Sharifu amwachie mwenzake chakula chake. Kama ana njaa aje kwangu, mimi ndiye mama yake. Toka hapo Muhsin anamaliza kipakiti peke yake, na sasa utepe umesoma kijani. Mama mkwe anadhani bado napeleka.

Sasa nikueleze nisilomweleza mtu. Unakumbuka nilivyowanyonyesha, kila mmoja na upande wake. Titi la kushoto, la Sharifu, lilikauka alipofariki. La kulia lilikauka nilipomwachisha Muhsin. Siku hizi la kushoto linajaa kila jioni. Nikiamka ni tupu, ngozi imeloa, na Muhsin amelala kwa bibi yake. Nakula vizuri lakini nguo zinanipwaya. Juzi Edna alinizungushia utepe wa kina mama mkononi. Ulisoma nyekundu.

Simwogopi, ni mwanangu. Ila fanya hima uje umchukue Muhsin akae nawe, maana leo nimeamka na titi la kulia, la Muhsin, nalo limeloa.

Nisalimie shemeji na watoto, uwabusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Mwaija