Ugali Chini ya Klachi

Nyandira, Mgeta
Jumatano

Dada yangu Anastasia,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo, na ukishaitikia hapo ulipo, mpe shemeji Wilfred salamu zangu, umuulize kama kikohozi chake cha vumbi la karanga kimepungua. Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mama anakula, analala, anawagombeza kuku. Baridi imekaza mpaka njegere zimesita kuchanua. Mimi ni mzima pia, isipokuwa uchovu, na huo ndio nitakaokueleza.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Dada, simu yako hupokei peke yako. Hapo sokoni Gairo unaiweka spika juu ya gunia la karanga, wateja wote wananisikia, na wengine hunijibu kabla yako. Jambo la leo halitaki wateja. Niliishia darasa la sita kama ujuavyo, kwa hiyo vumilia, ingawa mwalimu aliwahi kusema mwandiko wangu ungefaa ofisini kwa mkuu wa wilaya.

Binti yako Devotha alifika Jumatatu. Amekonda kidogo, ndivyo maharusi walivyo. Alipomaliza kumwamkia bibi yake, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa kuuliza kama gari liko tayari. Unakumbuka kwenye kikao cha ukoo mimi ndiye niliyesimama nikasema kwamba kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba, na hakuna mkono utakaomshusha Devotha kutoka mlimani huku hadi kanisani mjini isipokuwa huu wa Castory. Tomasi, mtoto wa mama mdogo, alijitolea na lori lake likiwa nje, nikamjibu mbele ya watu kwamba mbeba nyanya abebe nyanya, maana anaendesha kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Watu walicheka. Na yeye alicheka, kidogo.

Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na ile pikapu yangu ya milango minne, dada, haikubali gia.

Ilianza baada ya Pasaka. Kwanza namba mbili, halafu rivasi, halafu namba moja. Nikisukuma mkono wa gia, meno yanasagana huko chini kama mtu anayetafuna changarawe. Mimi sikutishika. Mtu aliyewahi kutoka Langali hadi Mzumbe kwa rivasi, gia nyingine zote zimekufa, mpaka waliokuwa wakipanda mlima wakadhani gari limeundwa kinyume, huyo hatishwi na kelele. Nikabadilisha mafuta ya giaboksi mwenyewe. Nikapaka grisi kila kiungo. Nikatoa na kile kipande cha gunia nilichotandika chini ya miguu, maana nilisikia kitu kama hicho kinaweza kuizuia pedali isifike chini. Ikasaga vilevile.

Ndipo nikashuka mjini, nikilazimisha gia njia nzima, hadi kwa Mwinjuma, fundi wa pale Msamvu, mtu mrefu asiye na maneno. Alizima injini akapitisha gia, zote zikaingia. Akaniambia nikae niwashe, nikanyage klachi, nipitishe mimi. Ikasaga. Akasema basi giaboksi haina kosa, ni klachi haiachii, injini inaendelea kuyazungusha meno wakati mimi nataka yatulie yashikane. Akatazama kichupa cha mafuta ya klachi, kimejaa. Akapapasa bomba lote, hakuna panapovuja. Akatoa upepo uliokuwa ndani ya bomba. Halafu akakaa yeye kwenye usukani, akakanyaga, gia zikaingia moja hadi tano na rivasi juu yake, kama kisu kwenye parachichi. Nikakaa mimi, ikasaga. Akakaa yeye, kimya. Nikamwambia gari linamwonea haya fundi, kama mgonjwa anayepata nafuu akiliona koti la daktari. Hakucheka.

Mama ntilie alikuwa ametuletea ugali na dagaa. Mwinjuma akamega tonge, akalifinyanga likawa duara, akalibandika sakafuni chini kabisa ya pedali ya klachi. Akaingia, akakanyaga, akanionyesha: tonge limekuwa chapati. Akabandika jingine, akaniambia nikanyage mpaka mwisho. Dada, nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, meno nimeyauma, na kichwani mwangu pedali ilikuwa imefika. Akainama, akalibandua lile tonge, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa duara vilevile, na alama za vidole vyake juu yake. Akasema polepole, ili mafundi wenzake wasisikie, kwamba gari langu ni zima na kwamba niende hospitali nikaonyeshe mguu.

Nilimjibu kwamba alipokuwa ananyonya mimi nilikuwa navuka mlima Kitonga na lori. Nikaondoka kwa hasira, nikaenda kwa fundi mwingine ambaye alikubali kila nilichomwambia. Akaishusha giaboksi, akabadilisha klachi pleti. Ile ya zamani nimerudi nayo nyumbani, iko hapa mezani ninapoandika, na unene wake haujapungua hata kidogo. Pikapu ikasaga kama jana. Hapo ndipo uchovu uliponishika, dada, na haujaniachia hadi leo.

Kwa sababu nilikuwa najua. Tangu masika ya mwaka jana mguu wa kushoto unakufa ganzi kuanzia gotini. Nilijiambia ni baridi ya mlimani. Kandambili inanivuka njiani, mimi nakwenda tu, mpaka mtu aniite aniambie mzee umeacha kiatu. Nimejifunza kucheka na kusema niliiacha makusudi ipumzike.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Mwezi wa tano, niliporudi na mama kutoka kliniki ya macho, nilikupigia nikakusimulia kwamba juu ya Langali chui alikatiza barabara, na kwamba ni ufundi wangu uliotuokoa, tairi la nyuma likabaki hatua moja kutoka kwenye bonde. Gairo nzima ilisikia. Nasikia mpaka leo mwenye duka la mbolea ananiita Chui.

Dada, hakukuwa na chui. Hakukuwa na hata paka. Gari lilizimika kwenye kilima. Nikaliwasha, nikatafuta namba moja, ikakataa, nikatafuta tena, ikakataa. Breki ya mkono haishiki. Nikadhani sasa gia imeingia, nikatoa mguu wa kulia kwenye breki kuupeleka kwenye mafuta, na tukaanza kurudi nyuma. Niliduwaa na mkono wa gia kiganjani. Mama, na miaka yake sabini na minne, na jicho lake moja lenye bandeji, alifungua mlango akashuka gari likitembea, akaokota jiwe ukingoni, akaliweka nyuma ya tairi. Ni jiwe lile lililotuzuia. Kisha akakung'uta kanga yake, akapanda, akasema twende.

Niliposimulia habari za chui jioni ile hapa nyumbani, mama alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya.

Lakini tangu siku hiyo, kila akipanda gari langu analipakata jiwe lile, limefungwa kwenye kanga. Nilimuuliza mara moja la nini. Akasema la kusugulia visigino. Nami nikakubali, dada, jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto.

Na ile safari ya rivasi, kwa kuwa tumeshafika hapa, ilikuwa kutoka darajani hadi dukani.

Siwezi kumteremsha Devotha. Nimekwenda kwa Tomasi mara mbili nimwombe aendeshe yeye. Mara ya kwanza nikaishia kuomba mbegu ya karoti. Mara ya pili nikairudisha. Wewe ni mkubwa wetu, mwambie wewe. Hicho kigumu ulichokipapasa ndani ya bahasha ni ufunguo wa pikapu. Ni huo mmoja tu, sina mwingine. Nimeutoa hapa nyumbani ili Devotha asije akanitazama kwa yale macho yako nikabadili moyo. Ukija Alhamisi ya wiki ijayo, mpe Tomasi mkononi. Mwambie klachi pleti ni mpya. Devotha nitamweleza mwenyewe kabla hujafika, na Jumatatu nateremka hospitali; nimempigia Mwinjuma kumwomba radhi, naye amesema atanisindikiza.

Barua anakuletea jirani yetu Editha, anakuja huko kufuata mahindi. Mpe maji ya kunywa, ni mtu wa safari ndefu. Mama anakusalimu, na anasema usije bila karanga mbichi.

Siku ya harusi nitakaa kiti cha nyuma, kati ya mama na bibi harusi. Jiwe nitalipakata mimi.

Mdogo wako,
Castory