Diski ya Dada Tuliyoiosha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Masikio yananiwaka kwa hasira! Dada kaleta diski yake dukani kwa mjomba. Utafiti wake wote wa chuo umo humo, na anautetea Ijumaa. Waya unalegea, kasema, badilisheni waya tu.

Waya tu! Mimi, fundi namba mbili wa duka (namba moja mjomba, namba tatu hakuna), nikafuata sheria ya mjomba: diski yoyote ikiingia inaoshwa kwanza kwa programu ya kurekebisha. Kompyuta ikasema diski imeharibika, irekebishwe? Nikabonyeza ndiyo.

Kumbe ilikuwa nzima! Dada kaifunga kwa nywila — kila kitu ndani kimevurugwa makusudi, asiye na nywila asielewe. Programu ikaona vurugu, ikaanza kufagia. Kufagia mali ya watu!

Na kaifunga kwa ajili ya nani? Eti mimi! Kisa niliwahi kusoma humo barua za yule mchumba wake mwenye kitambi. Barua zenyewe baridi kama chai ya jana.

Jumanne, 4 Machi 2025

Nywila haikubaliki tena. Dada hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Kaniita kwa jina langu refu, mpaka la babu.

Mjomba bila haya kamwambia mashine za siku hizi hazina adabu. Na sheria ya kuosha ni ya nani, mjomba? Nikamwuliza hivyo hivyo! Kanijibu, "Nyamaza, injinia wa kubonyeza."

Alhamisi, 6 Machi 2025

Dada kaja na mwenzake wa chuo, mtaalamu, ana miwani kama vioo vya lori. Kasema diski hizi huweka ufunguo wa akiba mwishoni kabisa. Programu ikipita mara moja, huenda ufunguo umepona. Ikirudiwa, inafagia mpaka mwisho, na ufunguo nao — basi tena.

"Mlipitisha mara ngapi?" dada kauliza.

"Moja," mjomba kadakia. Hata sijafungua mdomo!

Moja! Wakati Jumatatu ni yeye aliyepaza sauti kutoka nyuma: rudia, iwe safi! Nami nikarudia.

"Eti, mdogo wangu?"

Mjomba kaniminya bega, vidole kama koleo. Nikatikisa kichwa — ndiyo au hapana, mwenyewe sijui. Mwoga mkubwa mimi!

Sasa mtaalamu anatafuta huo ufunguo. Mstari kwenye skrini unasogea kidogo kidogo. Dada kanunua soda, yangu kanifungulia mwenyewe, kaiweka hapa ninapoandika. Kunywa, anasema, usijilaumu sana.

Sijaigusa.