Mama Hakutaka Naftali Asikie

Nkoaranga,
Arusha.
14 Agosti 1995

Mpendwa Mama mdogo Vaileth,

Shikamoo. Hamjambo huko Iringa? Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko? Huku kahawa imeiva, na siku hizi wanunuzi binafsi wanatufuata hadi mlangoni, lakini sina hata moyo wa kuichuma. Mama anaumwa sana.

Kile kikohozi tulidhani ni kifua kikuu. Akameza dawa mpaka mkojo ukawa mwekundu, wapi! Daktari aliuliza kama amewahi kupasuliwa, na aliyekuwa akimtafsiria Kimeru ni kaka Naftali. Hebu fikiria, Mama amtajie mwanawe wa kiume habari za tumbo la uzazi! Akasema hapana. Naftali akaipeleka hiyo hapana kwa daktari, nayo ikatupotezea miezi.

Juzi juzi nilikuwa namwogesha nikaona kovu chini ya kitovu. Nilipouliza alininunia. Nikambana, jamani, sikumwachia, mpaka akasema kwamba alitolewa uvimbe wa tumbo la uzazi kule Moshi, na wewe ndiye uliyemuuguza.

Nikaenda mwenyewe kwa daktari. Wakachukua kinyama pafuni wakakipima. Ni saratani, Mama mdogo. Ni aina adimu, ya ile misuli ya ndani inayojikaza yenyewe, kama ya tumbo la uzazi. Daktari anadhani ilianzia huko ikahamia pafuni. Akipasuliwa mapema Dar es Salaam ana nafasi. Akichelewa, basi tena.

Sasa dada yako amegoma! Anasema siku ile ya Moshi daktari alikuita pembeni, ukarudi macho mekundu, ukamwambia, "Ni mafuta tu, dada, yameshatolewa." Hakubali kuguswa na kisu mpaka asikie kinywani mwako uliambiwa nini. Mchungaji amembembeleza, Naftali amelia mbele yake. Mkaidi yule!

Naogopa, Mama mdogo. Usiku namsikiliza akivuta pumzi na mimi nasahau kuvuta yangu.

Msalimie Baba mdogo Meshack, na binti yako Ruth mwambie mtoto wake tunamwombea. Mungu akufunike njiani, maana nataka upande basi ukishamaliza kusoma hapa. Mama hana kinyongo na wewe. Mimi ninacho, sikufichi. Njoo hivyo hivyo.

Mwanao akupendaye hata sasa,
Elifuraha