Barua ya Kumfungia Kinyozi wa Alfajiri

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo natakiwa kutia sahihi barua niliyoiandika mwenyewe na mkono haunitii.

Mimi ni kinyozi wa miaka hamsini na minane, nina duka la viti vitatu, na ni katibu wa chama cha vinyozi wa mtaa wetu, chama ambacho kimewazika wazazi wetu na kuwauguza wagonjwa wetu, sikidharau hata kidogo, na kawaida yetu ni kwamba hakuna anayefungua kabla ya saa tatu asubuhi, ili asiwepo wa kumpokonya mwenzake mteja. Sasa yapata miezi mitatu amekuja mama mmoja, tunamwita Mama Alfajiri, amepanga kichumba kando ya duka la rangi, anafungua saa kumi na moja na nusu, anawanyoa wauguzi na walinzi wanaotoka zamu, ikifika saa sita anafunga akawachukue watoto wake shule, na wateja wangu, watu niliowanyoa tangu hawajaota ndevu, wananipungia mkono wakipita na shingo zao safi.

Mwenyekiti akaitisha kikao, akasema, "Katibu, andikia halmashauri waweke sheria ya saa za kufungua. Sema ni kwa ajili ya afya ya wateja." Nikamuuliza kama kuna mteja aliyeugua. Akasema, "Wewe andika, ndugu yangu, wa kuugua hakosekani." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Sikujua barua ya namna hiyo inaanzaje, nikafungua faili la zamani la chama nitafute ya kuiga, nikaikuta moja ya miaka thelathini na mmoja iliyopita, nzuri kabisa, nikainakili neno kwa neno, "mazingira machafu", "saa zisizofaa", "kuhatarisha afya ya umma", mpaka nikafika mstari wa kumtaja mlalamikiwa, na pale pameandikwa "kinyozi wa chini ya ngazi". Mshauri, huyo ni mimi.

Nilianzia chini ya ngazi ya jengo la ghorofa tatu, sina kibali, nina kiti cha jikoni na beseni, nafungua kabla ya jua kwa sababu kukishakucha mwenye jengo ananitimua. Wateja walikaa kwenye vidato vya ngazi, kila kidato nafasi moja ya foleni, wa chini akiinuka wote wanashuka kidato kimoja bila kuambiwa, na wapangaji wakitaka kupanda wanaruka magoti ya watu huku wakisalimia. Harufu ya sabuni ile ninayo mpaka leo, namkumbuka mlinzi mmoja aliyekuwa akisinzia kidato cha tatu na bado akashuka pamoja na wenzake, na binti aliyekuwa akimleta baba yake kila Ijumaa, ambaye sasa ni mke wangu. Sikuwa na kitu, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena katika viti vitatu.

Barua ile haikutumwa. Kumbukumbu za kikao zimo mlemle failini, zinasema mzee mmoja tuliyemwita Bwana Wembe, ambaye duka lake lilitazamana na ngazi yangu na ndiye niliyemuumiza kuliko wote, aligoma kutia sahihi. Hakunipenda, hata salamu yangu hakuwahi kuiitikia. Alisema tu, "Akinishinda kunyoa, dawa ni kunoa."

Nilipomsimulia mke wangu alisema, "Mimi nilikupenda chini ya ngazi, ukatibu ulikuja baadaye," akaendelea kukunja nguo. Lakini nisiposaini wenzangu wa miaka yote watanitenga, na viti vyangu viwili havina kazi, shemeji yangu niliyemwajiri anashinda amelala kwenye kimoja. Nifanye nini?

Katibu mwenye mkono mzito

*

Bwana Katibu,

Pole. Umezeeka vizuri ila umesahau vibaya. Umeniandikia kurasa nne kuuliza jambo ambalo mke wako alikujibu kwa sentensi moja, tena akikunja nguo.

Huyo mama amekuibia nini? Mteja si mbuzi wako wa kufungwa kamba. Miaka yote hiyo muuguzi alitoka zamu na nywele zake, akakuta milango yenu imefungwa, na hakuna aliyejiuliza anakwenda wapi. Mama Alfajiri alijiuliza. Biashara huanzia hapo, na wewe ulilijua hilo kuliko mtaa mzima kabla hujapewa muhuri.

Tena jihadhari na unachokiomba halmashauri. Leo watafunga mlango wake kwa barua yenu, kesho atakuja mwenye maduka kumi na barua nzuri zaidi, wafunge wenu.

Chama kitunzeni, kuzikana ni jambo jema, na huyo mama mwalikeni aingie. Kama usafi unawakera kweli, wekeni kanuni moja kwa wote, wembe mpya kwa kila kichwa, na mkaguzi aanzie dukani kwako. Nahisi umekohoa.

Alhamisi usitie sahihi. Simama uwaambie wenzako sababu kwa mdomo wako, na kwamba ile kawaida ya saa tatu imepitwa na wakati. Watanuna, lakini kinyozi hawezi kununa wiki mbili, atazungumza na nani? Kisha mwamshe shemeji. Mpe funguo, afungue saa kumi na moja, na faida ya kiti hicho mgawane, tuone kama atasinzia. Ijumaa nenda kwa Mama Alfajiri, upange foleni kama watu, akunyoe. Utajua kama anakushinda mkono au saa tu.

Najua unacholilia si wateja, ni ile ngazi. Hairudi, ndugu yangu. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili, nikatamani ningekaa kidato cha nne.

Ile barua ya zamani usiichane. Itundike karibu na kioo, mahali pa zile picha za mitindo zilizopauka, ambazo hakuna kinyozi asiyekuwa nazo. Atakayekaa kwenye kiti chako aisome wakati unamnyoa, na akikuuliza huyo mchafu wa chini ya ngazi aliishia wapi, mwambie atazame kwenye kioo, nyuma ya kichwa chake.